Ndege Moja, Wenyewe Arobaini

Ndugu wasomaji, huenda mtu akiona kichwa cha habari hii atacheka na kusema: Karani wa parokia huku Mbinga na mambo ya eropleni, wapi na wapi? Si vibaya kucheka. Mimi ni mtoto wa Umatengo, nimekulia katika ngoro za mahindi na mibuni. Nilisoma chuo cha ualimu nikahitimu, na ajira ilipochelewa nikapewa kalamu ya ukarani parokiani, nayo naishika mpaka leo. Ndiyo maana wengine waniita mwalimu na wengine karani, nami huitika yote mawili. Rubani sijawa, wala sijapanda ndege ila mara moja tu, kutoka Songea kwenda Dar es Salaam, na nusu ya safari nilikuwa nimefumba macho. Hata hivyo ninalo neno la kusema juu ya chama cha marubani, na neno hilo limenigharimu.

Mwaka jana tulipata mgeni. Wasomaji wa upande wetu wajua ya kuwa jimbo la Mbinga lina urafiki wa siku nyingi na jimbo la Würzburg kule Ujerumani, na mara kwa mara huja watu wa huko kututembelea. Huyu alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, fundi wa mashine aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Kiswahili alijua cha salamu, na Kiingereza changu si cha kujivunia, lakini tulielewana. Nikapewa kazi ya kumtembeza. Siku ya tatu aliingia ofisini kwangu akaomba kukiona kitabu cha ubatizo. Akakifungua, akaitazama mistari ile kwa muda mrefu, jina chini ya jina, tarehe chini ya tarehe. Kisha akasema: “Sisi nasi kwenye chama chetu tuna kitabu kama hiki. Ila chetu ni cha makosa.”

Nikamwuliza chama gani. Ndipo aliponieleza kwamba yeye ni mtunza hazina wa chama cha marubani wa kijijini kwao.

Nilidhani marubani wenye ndege zao ni matajiri watupu. Mzee akacheka. Akaniambia kwao yumo mwoka mikate, yumo mwalimu wa shule, yumo nesi, wamo wakulima wawili wa mizabibu na fundi wa bomba. Jumla yao arobaini, na ndege ni moja, Cessna 172 ya viti vinne, kongwe kuliko baadhi ya wanachama wenyewe. Hakuna hata mmoja wao awezaye kuinunua na kuitunza peke yake. Kwa hiyo wameinunua pamoja, na kila mmoja huiruka kwa zamu, leo huyu kesho yule, kama sisi tunavyoazimana mashine ya kumenyea kahawa.

Jambo hili si geni duniani. Baada ya vita ya 1914 hata 1918, Wajerumani walibanwa sana na mkataba wa amani katika mambo ya ndege za injini. Basi kuanzia mwaka 1920 vijana wao walikuwa wakipanda mlima uitwao Wasserkuppe, ambao si mbali sana na kwao mgeni wetu, wakiwa na ndege zisizo na injini. Mmoja alikaa ndani, na wenzake wakashika kamba ya mpira wakakimbia nayo kuteremka mlima mpaka ndege ikarushwa hewani kama jiwe la manati. Akiruka mmoja, wengi wamevuta. Huko Uingereza nako serikali ilianza mwaka 1925 kuvisaidia vilabu vya ndege ndogo kwa fedha, na mwaka uo huo kampuni ya de Havilland ikatoa ndege iliyoitwa Moth, yaani nondo, ambayo mabawa yake yalikunjwa nyuma ikavutwa na motokaa na kuingia katika banda dogo. Hapo ndipo mtu wa kawaida wa kwao alipoanza kufikiri kwamba naye huenda akaruka.

Nasi Afrika Mashariki hatukuachwa mbali. Mwaka 1927 ilianzishwa mjini Nairobi klabu iitwayo Aero Club of East Africa. Ilikuwa klabu ya Wazungu, kama zilivyokuwa klabu nyingi za nyakati zile, na hilo halina haja ya kufichwa. Miaka miwili baadaye Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha mjini humo kampuni yake ya ndege, Wilson Airways. Kampuni hiyo haikuivuka vita iliyoanza 1939, maana serikali ilizitaka ndege zake na marubani wake. Jina la bibi huyo likabaki katika kiwanja cha Wilson, kilichoitwa hivyo tangu 1962. Lakini klabu ya wanachama ipo hata leo, na nyumba yake iko pale pale Wilson. Na pale pale ndipo wanapoondokea wale Madaktari Warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, kwenda kuchukua wagonjwa mahali ambapo motokaa haifiki. Ninapofikiri juu ya akina mama wa pwani ya ziwa letu, sioni kwamba habari za vindege hivi vidogo ni anasa tupu.

Nirudi kwa mzee wetu. Nilitaka kujua wanagawanaje gharama, maana huku kwetu tunavijua vyama. Babu zetu walikuwa na NGOMAT, ushirika wa Wangoni na Wamatengo ulioanza 1936, na sisi wajukuu tumeona vyama vya kahawa vikiinuka na vikianguka. Mzee akachukua bahasha ya zaka iliyokuwa mezani, akaigeuza, akapiga mstari katikati.

Upande wa kushoto akaandika gharama ambazo ndege hula hata ikilala: bima, kodi ya banda, ukaguzi wa kila mwaka. Hizo hugawanywa sawa kwa sawa, na kila mwanachama hulipa ada ya mwezi, awe ameruka au hakuruka. Upande wa kulia akaandika gharama za ndege inapoamka: petroli zaidi ya lita 30 kwa saa moja, mafuta ya injini yanayobadilishwa kila baada ya saa 50, na chini kabisa akaandika neno moja akalipigia mstari mara mbili: injini. Akanieleza kwamba injini ya namna ile waliyo nayo, watengenezaji wake wasema ikitimiza saa 2,000 ifunguliwe yote na kufanywa upya. Tufanye kazi hiyo yagharimu dola 30,000. Basi kila saa moja ya kuruka yapasa kuacha dola 15 benki, pasipo kuguswa, kwa miaka mingi.

“Usipoziweka,” akasema, “unaila injini kidogo kidogo, na tumbo lako halikuambii.”

Kumbe hilo ndilo lililotaka kuwavunjia chama wakati fulani. Katika mkutano wa mwaka wanachama waliona fungu kubwa limelala benki, wakapiga makelele kwamba ada ipunguzwe na kilichozidi wagawane. Mzee akasimama akasema fedha ile si yao, ni ya injini, na kama wanataka kuigawa basi wachague mtunza hazina mwingine. Wakanuna, wakakaa. Baada ya miaka mitatu injini ikatimiza saa zake, nayo ikatengenezwa pasipo mkopo wowote.

Mambo mengine niliyapenda kwa kuwa yalinichekesha. Ugomvi wao mkubwa si juu ya fedha wala juu ya nani aruke Jumamosi, maana kuna daftari la zamu na wa kwanza kuandika ndiye wa kwanza kuruka. Ugomvi mkubwa ni juu ya nani ameiacha ndege na wadudu waliokufa wamegandana mbele ya mabawa. Nikamwambia akija kufungua chama ziwani Nyasa atapata kazi ya kuosha isiyokwisha, na mwenyewe aliliona hilo baadaye, tulipofika Mbamba Bay, akidhani kuna moto majini. Kumbe ni wale wadudu wa ziwa, wapandao juu kwa mamilioni kama moshi.

Sasa nieleze kile kitabu. Kila rubani akishuka huandika saa alizoruka, na jambo lolote aliloliona au alilolifanya. Kama hakuna jambo huandika kwamba hakuna, na kutia sahihi. Kwa hiyo hata kunyamaza kwake ni kwa maandishi. Mzee akanipa mfano. Walikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa, leseni yake ina miezi michache. Jioni moja alikuwa akiiendesha ndege polepole kwenye majani, hajaruka bado, gurudumu la mbele likaingia katika shimo la fuko. Pangaboi likagusa ardhi na injini ikazimika papo hapo. Kiwanjani hapakuwa na mtu. Kijana akashuka akatazama, akaona alama ndogo penye ncha ya pangaboi, kama ukucha wa mtoto. Angeweza kuchukua tupa, akailainisha, akaenda zake nyumbani. Asingejua mtu.

Lakini kijana yule aliandika. Na alipokwisha kuandika, ndege ikafungiwa miezi minne, tena wakati wa kiangazi chao ambao ndio wakati wa kuruka, kwa sababu pangaboi likigonga kitu na injini ikazimika ghafula namna ile, sheria ni injini kufunguliwa. Huenda krenki, ule mhimili mkubwa wa ndani, imepata ufa usioonekana kwa macho, nayo itakatika siku nyingine, juu, mikononi mwa mtu asiyejua lolote. Bima ililipa sehemu, na iliyobaki ililipwa na chama.

Nikauliza: “Na kijana mlimtoza kiasi gani?”

“Hakutozwa kitu. Alirudishwa kwa mwalimu, akaendesha naye tena mara kadhaa mpaka mwalimu aliporidhika.”

“Hata faini kidogo?”

“Tukimtoza huyu,” mzee akasema, “wa pili hataandika.”

Nilijifanya natafuta mhuri wangu mezani. Ukweli ni kwamba sikuweza kumtazama usoni.

Siku mbili baadaye tulishuka ziwani. Lami sasa inafika Mbamba Bay, na barabara yajizungusha milimani mpaka ghafula ziwa lafunguka chini yako, na ng'ambo ni Malawi. Kutoka hapo tukaenda kijijini kwa wakwe zangu, upande wa kwenda Liuli. Shemeji yangu akatuwekea samaki wa kukaanga na ugali wa muhogo chini ya mwembe. Hatua chache kutoka tulipokaa palikuwa na boti ya mbao iliyofunikwa kifudifudi, majani yameota kuizunguka. Mzee akaitazama kwa jicho la ufundi, akauliza ni ya nani.

Shemeji akajibu: “Ya chama. Mwalimu huyu ndiye katibu wetu.”

Ndugu wasomaji, boti ile tuliinunua watu ishirini na watatu, pamoja na injini ya nguvu za farasi 15 iliyokwisha kutumika. Kwa kuwa mke wangu ni wa huko nami najua kuandika, walinifanya katibu. Kanuni za chama nilizitunga mimi, kwa mwandiko mzuri wa chuoni, na kanuni ya nne niliiona nzuri kupita zote: Mwanachama atakayeharibu chombo akiwa anakiendesha, atalipa. Tena ile Krismasi ya kwanza palikuwa na fedha sandukuni, watu wakataka wagawane kwa ajili ya nguo za watoto. Katibu hakupinga. Katibu naye alikuwa na watoto.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Mei, niliichukua boti kupeleka magunia ya maharage. Nikarudi jioni, peke yangu, giza linaingia, nikakata kona karibu na miamba kwa kuwa nilikuwa na haraka. Injini ikaruka, ikalia, ikazimika. Nikaiwasha, ikawaka. Nilipofika ufukoni nikaona ncha ya pangaboi imepinda kidogo na pana mkwaruzo. Nilikuwa nimetoka kulipa ada ya shule, mfukoni sina kitu, na kanuni ya nne naijua kwa moyo. Nikaisugua ncha ile kwa jiwe. Nikafunika injini kwa gunia, nikaenda kulala.

Baada ya majuma matatu kijana mmoja wa chama, mtoto wa mama mjane, alikuwa akiwapeleka watu tisa Liuli. Ndani alikuwamo mama mwenye mtoto mgonjwa, akienda hospitali. Upepo wa mwera ulikuwa umeanza. Walipofika kati, injini ikalia kama chuma kinachosagwa, ikakwama. Walichukuliwa na mawimbi usiku kucha, wakichota maji kwa sufuria na kuyamwaga nje, mpaka alfajiri wakatupwa ufukoni mbali kaskazini. Hakufa mtu. Mtoto naye alipona, namshukuru Mungu kila siku kwa ajili ya mtoto yule. Lakini mzee mmoja, mchongaji wa mitumbwi, alishikwa na kifua, akalala kitandani mpaka mavuno yakapita, na tangu siku hiyo haingii majini.

Fundi alipofungua sanduku la gia hakukuta mafuta. Alikuta maji, na meno ya gia yamevunjika. Wanachama wakauliza nani alikuwa akiendesha. Kanuni ya nne ikasomwa. Niliisoma mimi. Yule mama mjane akauza mbuzi wanne kumlipia mwanawe, na fedha hazikutosha hata nusu ya gia mpya, na sandukuni hamkuwa na kitu, maana tulikwisha kugawana. Stakabadhi ya zile fedha za mbuzi niliiandika kwa mkono wangu. Kijana akaondoka kijijini kwa aibu, akaenda Mbeya kutafuta kazi. Boti ikafunikwa.

Kwa Mungu nilikuwa nimetubu. Kwa wanachama, bado.

Chini ya mwembe ule, shemeji alipokwenda kuchukua maji ya kunawa, nilimweleza mzee yote. Hakunipa maneno ya faraja wala ya lawama. Aliniuliza kama nilipogonga jiwe niliona mafuta majini. Nikasema palikuwa na giza. Akasema bila shaka mhimili wa pangaboi ulisogea kidogo ukaharibu mpira wa duara unaozuia mafuta yasitoke, na siku kwa siku mafuta yakatoka na maji yakaingia. Kisha akawatazama samaki waliobaki kwenye sahani. “Bei ya mpira ule,” akasema, “haifiki bei ya samaki hawa.”

Alirudi kwao. Nami nilikaa miezi miwili nikitafuta siku ya kufaa, na kila siku ilikuwa na udhuru wake. Mwishowe nikamwomba mwenyekiti aite mkutano, nikasimama nikasema. Watu hawakupiga kelele kama nilivyotazamia. Mama wa yule mtoto ndiye aliyesimama. Akauliza: “Mwalimu, usiku ule sisi tuko majini, wewe ulikuwa wapi?” Nikamjibu kwamba nilikuwa nyumbani, nimelala. Akakaa. Hakusema neno jingine, na mpaka leo akinisalimu ananisalimu kwa adabu, jambo ambalo ni zito kuliko matusi.

Walinitoa katika ukatibu, na ni haki. Lakini waliniachia nieleze habari za wale marubani arobaini, nikachora mstari katikati ya ubao, kushoto gharama za chombo kilicholala na kulia za chombo kinachokwenda. Hilo walilipokea upesi. Sasa kila safari itakayofanywa itaacha fedha ya injini, na fedha hiyo itakaa benki Mbinga, pasipo kugawanywa Krismasi wala Pasaka. Kubishana kulikuwa juu ya kanuni ya nne. Mzee mmoja alisema, nami sikumwona mjinga, kwamba mkiondoa faini kila mtu ataendesha kama mlevi. Tulizungumza mpaka jua likatua. Mwishowe wakakata hivi: atakayeandika kosa lake siku ile ile hatalipa, ila hataendesha tena mpaka afundishwe na mzoefu, atakayeficha atalipa yote na kutoka. Kama itafaa au haitafaa, tutaona. Marubani wana mwalimu wa kumrudia na mkaguzi wa kuogopa. Sisi tuna shemeji yangu na daftari la shule.

Daftari lenyewe limetundikwa nyumbani kwake, ndani ya mfuko wa plastiki, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mstari wa kwanza ni wangu: tarehe, mahali, jiwe, na jinsi nilivyosugua pangaboi. Mstari wa pili umeandikwa na mtu mwingine, kwamba kasia moja la akiba limepotea na ni yeye aliyelisahau ufukoni. Boti imekwisha kugeuzwa na kuzibwa nyufa. Gia bado, fedha yatafutwa.

Yule kijana nilimpigia simu Mbeya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nimesikia, mwalimu,” akakata. Mama yake nimempelekea mbuzi wawili. Aliwatazama meno na miguu, akamkubali mmoja upesi na wa pili baada ya kuguna. Wawili waliobaki nimemwahidi baada ya mauzo ya kahawa, naye ameniambia niwachague wenye afya, maana wale wake walikuwa na mimba.